Magunia Bila Kofia

Kwa maneno ya Mama Becky, jirani ya akina Jepkosgei, askari wa kaunti alilisimamisha lori kizuizini, akalipanda kama paka na kukata kamba za magunia kwa kisu. Viazi vikamwagika barabarani hadi gari la mchungaji likateleza!

"Na mchungaji mwenyewe," Mama Becky aliapa, "akashuka, akajaza koti lake!"

Jepkosgei alicheka huku akishona mdomo wa gunia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kila msimu wa mavuno, akitoka shuleni. Hapa kwao Molo, gunia likijaa, watu walizoea kuongeza kilima cha viazi juu yake na kukifunga kwa wavu wa kamba. Kilima hicho kiliitwa kofia. Broka, dalali anayenunua viazi shambani, alilipia gunia tu. Kofia aliichukua bure. Sasa kaunti ilikuwa imepiga marufuku kofia. Kila gunia lifungwe tambarare, tena lipimwe kwa mizani.

Mama yake alipokwenda kukamua ng'ombe, Kiarie, broka wao, aliingia na lori lake.

"Niaje, fundi! Mbona magunia yako yamenyolewa?"

"Ni sheria, mzee."

"Sheria iko Nakuru mjini. Hapa niko mimi na lori. Bila kofia, sipakii. Viazi vikipigwa na jua vikawa kijani, utamuuzia nani? Ng'ombe?"

Mavuno hayo ndiyo yangemnunulia Jepkosgei sare ya shule. Aliyovaa ilikuwa viraka vitupu. Akafungua gunia, akaongeza viazi, akashona. Kofia ilitokea nzuri kama kikapu.

"Jepkosgei!" Mama alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo ya maziwa. "Nani amekutuma?"

"Mama, ataondoka!"

"Aondoke. Fumua."

Alifumua huku machozi yakimdondoka. Kiarie akawasha lori. "Kaeni na viazi vyenu! Nitajaza kwa majirani."

Walisimama langoni wakisikiliza. Lori lilisimama kwa Mama Becky, kisha likanguruma tena. Likasimama kwa Mzee Elphas, likanguruma. Kumbe habari za yule askari mwenye kisu zilikuwa zimetangulia kila boma! Hakuna aliyethubutu kushona kofia.

Jua halijazama, lori likarudi. Kiarie alishuka polepole, akikuna kichwa.

"Mathe," akamwambia Mama, "hiyo mizani yenu iko wapi?"

Kicheko kilichopasuka hapo kilimfanya hata ng'ombe ageuke. Majirani walikuja na mizani ya ushirika, wakapima na kupakia huku wakiimba. Kiarie alilipa, naye akaishia kucheka pamoja nao.

Mama alimshika Jepkosgei begani. "Umeona, mwanangu? Miaka yote tulishona kofia kwa sababu kila mtu aliogopa kwamba jirani yake atashona. Sheria haina mikono. Mikono ni yetu. Na kazi ya haki hushonwa mchana, mama yako akikuona."

"Nimesikia, Mama." Jepkosgei akajifuta uso, kisha akamgeukia jirani yao. "Mama Becky, tafadhali tuambie ukweli. Huyo askari mwenye kisu, ulimwona kwa macho yako?"

Mama Becky alitazama mawingu kana kwamba anatafuta mvua. Akachukua kikapu chake, akashika njia ya kwake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.