Kibarua wa Ndani ya Paneli

Harufu ndiyo iliyomtia fundi shaka kwanza. Alipofungua paneli ya mashine ya kuchanganya sabuni alipokewa na harufu ya nywele zilizoungua. Akakagua waya mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja ulioungua.

"Shemeji, nani alifunga relei hizi?" akauliza, akigusa vile vidude vinavyowasha na kuzima mota.

Shemeji yake, mume wa mdogo wake, ndiye mwendesha mashine. Ndiye aliyempigia simu asubuhi ile, akinong'ona kama mwizi, kwamba mashine inajiwasha yenyewe.

"Fundi aliyepita. Za zamani ziliungua. Kwani vipi?"

"Koili zake, sumaku za ndani, ni za volti mia mbili na thelathini, na kidhibiti chako kinatoa ishirini na nne. Ni kama kumwambia sisimizi asukume gari. Hizi hazikutakiwa kunyanyuka na kuwasha mashine hata siku moja."

Shemeji akainyooshea paneli kidole. "Zinanyanyuka."

Kabla hajafunga mdomo, relei ya kwanza ikalia, tak, na pipa kubwa likaanza kuzunguka. Fundi akapima. Ishirini na nne. Akazima swichi kuu, mita ikasoma sifuri, pipa likatulia. Hapo akaichomoa relei kwenye soketi yake, akaiweka kiganjani, kidude cha plastiki kisichounganishwa na kitu chochote duniani.

Tak.

Ilikuwa na joto la mtu mwenye homa. Fundi alitaka kuitupa lakini vidole vikagoma kufunguka, na nyuma yake pipa lile lisilo na umeme likaanza tena kuzunguka, taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani, huku harufu ya nywele ikizidi mpaka ikamkaa kooni, na kutoka ndani ya paneli, pale penye waya tu, akasikia pumzi ya mtu aliyechoka kwa kazi.

"Ulifanya nini?" akanong'ona.

Shemeji alikuwa ameegemea ukuta, uso umempauka. "Bosi alisema mashine isipozunguka nisirudi tena. Nina mtoto mchanga nyumbani, shemeji. Nikapiga paneli ngumi, nikasema, anayeweza kuizungusha hii aizungushe, nitampa chochote atakacho. Nilikuwa na hasira tu! Ikazunguka saa ile ile."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ningemwambia nani?"

Vidole vya fundi vikafunguka, relei ikaanguka. Hakuwa mtu wa kukimbia kazi. Alitoa kwenye mkoba relei mpya, za volti ishirini na nne, sawasawa na kidhibiti. Akazipachika moja baada ya nyingine, midomo ikicheza kwa dua zote alizozikumbuka, bisibisi ikimponyoka mara kadhaa. Alipochomoa ya mwisho kati ya zile za volti mia mbili na thelathini, kitu kikampita ubavuni, kizito, chenye joto, na mlango wa karakana ukajifungua na kujifunga.

Harufu ikakatika. Akawasha swichi kuu, akabonyeza kitufe. Relei zikalia inavyotakiwa, pipa likazunguka inavyotakiwa. Akabonyeza tena, likasimama. Shemeji akacheka huku machozi yakimtoka, akamshika mikono yote miwili.

"Limeondoka! Shemeji, umeniokoa."

Walikuwa wanakusanya vifaa simu ya fundi ilipoita. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, uko na mume wangu? Simu yake haipatikani. Kuna mgeni wake hapa."

"Mgeni gani?"

"Wanafanya kazi pamoja, anasema. Masikini, ameachishwa kazi leo, eti wamepata wengine wanaomudu kazi yake. Ana homa kali, nikimkaribia nahisi joto lake. Anasema mume wangu alimwahidi kitu, amekuja kukichukua." Akashusha sauti. "Ila anapenda watoto! Nimempa mtoto ampakate, nipo jikoni namchemshia chai."

Shemeji, aliyekuwa amesikia kila neno, alikwishatoka mbio.

"Rudi sebuleni," fundi akasema. "Mdogo wangu, acha chai. Mchukue mtoto. Sasa hivi!"

Akasikia ndara zikikimbia kwenye sakafu. Zikasimama.

"Dada," mdogo wake akasema polepole, "hawapo. Na mlango bado umefungwa komeo kwa ndani."