Nilimzika Baba Akiwa Hai kwa Kadi ya Posho

Nina miaka ishirini na tisa, nimesomea ualimu, na ni mzaliwa wa Busunzu, Kibondo. Wazazi wangu wote ni Waha, Watanzania. Lakini hadi leo sina karatasi inayosema mimi ni wa wapi... Ndugu wasomaji, kosa ni langu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kambi ya wakimbizi ya jirani ikiwa imefurika upya. Mwaka ule mahindi yetu yalikauka. Jeniva, mkimbizi niliyekuwa nikimuuzia ndizi, aliona ninavyohangaika.

"We nawe! Kiha na Kirundi ni ndugu, nani atakutambua?" alinicheka. "Njoo uandikishwe, upate unga na mafuta kama sisi. Ila sema baba yako alikufa Burundi, wasikuulize mengi."

Nilicheka... nikaenda! Nikataja kilima cha Burundi ambacho sijawahi kukiona. Nikasema baba amekufa. Nikabonyeza vidole vyote kumi kwenye mashine, nikatoka na kadi ya posho.

Baba alikula ugali wa unga ule, akanishukuru. Maskini, hakujua kwamba anakula matanga yake mwenyewe!

Tuliula unga ule miaka miwili. Kisha nikaitupa ile kadi, nikaenda Kasulu kusoma. Nikasahau. Vidole havikusahau.

Mwaka jana nilipata ajira, nikatakiwa kuwa na kitambulisho cha taifa. Niliweka vidole... ofisa akatazama kompyuta, kisha akanitazama mimi.

"Dada, huku unasomeka mkimbizi."

Nikaikumbuka ile kadi!

Alinieleza kwa upole kwamba kuzaliwa hapa peke yake hakutoshi; hutazamwa uraia wa wazazi. Mgeni naye anaweza kuomba, akapewa. Kweli, mama mmoja ninayemfahamu kule Kabanga alizaliwa Burundi, na leo cheti chake cha uraia kinaning'inia sebuleni. Na mimi je? Niombe kama mgeni, wakati si mgeni? Nidai kama mwenyeji, wakati nimejikana kwa mdomo wangu? Nirudishwe wapi, kwenye kile kilima?

Njia ilikuwa moja: baba aje aape kuwa mimi ni mwanawe.

Alikuja na koti lake la kanisani. Ofisa akamsomea nilichoandikisha, neno kwa neno. Baba aligeuka, akanitazama.

"Data!" nilimwita kwa Kiha, kama nilivyomwita nikiwa mtoto.

"Maiti haiapi, mwanangu," alisema. Akachukua fimbo yake, akatoka.

Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne, tukiwa tunakula, niliona wino kwenye dole gumba lake. Alikuwa amerudi ofisini peke yake, akaapa!

Lakini uchunguzi wa uraia wangu bado haujaisha. Ajira alipewa mwingine. Nalima Busunzu, na kila nikisikia pikipiki ikisimama nje, nadhani ni maofisa wamekuja kunichukua.

Baba sasa anaumwa. Kila asubuhi huniuliza: "Wamejibu? Nataka wajibu kabla sijafa kweli."

Wenzangu wa mpakani, njaa ile ilipita kwa mvua moja. Uraia wangu nilipewa na baba, bure, siku niliyozaliwa... nikaubadilisha kwa unga! Nawasihi, msimkane mzazi hata kwa mzaha. Ipo siku mtamhitaji awataje, na mtamkuta mlimwacha kaburini.