Tuzo ya Nyimbo za Mkewe

Ndugu zangu, kisa hiki sikusimuliwa. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikivuta pazia katika kikundi chetu cha maigizo, na mvuta pazia huona mengi yasiyofika mbele ya watazamaji.

Nyumba ya mwongozaji wetu ilikuwa na amani. Kila Jumamosi tulifanyia mazoezi sebuleni kwake. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Cherehani, alikaa karibu na dirisha akishona mavazi yetu, pini mdomoni. Huku akishona alikuwa akiunga maneno chini chini, akiyageuza, kisha anasimamisha cherehani na kuyaandika pembeni mwa karatasi za kukatia nguo. Nyimbo zote za mchezo wetu zilitoka pale.

"Huyu mke wangu," mumewe alipenda kututania, "ukimkata kidole kitatoka kibwagizo."

"Kata basi," anajibu mama, "tuone mchezo wako utaimbwa na nani."

Tunacheka, mazoezi yanaendelea.

Kisha ikaja fomu. Chama cha maigizo hutoa tuzo kila mwaka kwa michezo ya jukwaani na ile ya kuimba, na mwaka ule tulialikwa kushindana. Mwongozaji aliijaza mezani, mkewe akiwa uani anaanika nguo. Binti yao wa darasa la saba alikuwa akimsomea maswali. Wakafika palipoulizwa mtunzi wa nyimbo.

"Baba, hapo umekosea. Umeandika jina lako."

"Sijakosea. Mimi na mama yako ni kitu kimoja."

"Basi andika lake."

Baba mtu akamtolea macho. "Nenda kamsaidie mama yako kuanika."

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, natengeneza kamba ya pazia. Nilisikia yote. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kufunga fundo langu. Nawaambieni hili kwa aibu.

Siku ya hafla ukumbi ulijaa. Mama Cherehani alikuwa amempigia mumewe pasi koti, naye akajishonea gauni la bluu. Mshereheshaji akatangaza: tuzo ya nyimbo bora inakwenda kwa mchezo wetu. Tukaruka kwa shangwe. Mama, machozi yakimlenga, akashika mkoba wake na kunyanyuka kitini.

Ndipo likasomwa jina la mumewe.

Mwongozaji akapita mbele yake bila kumtazama. Mama akabaki amesimama nusu, mkoba mkononi. Kisha akajifanya analinyoosha gauni, akakaa taratibu. Kule jukwaani mumewe alikuwa akisema, "Nyimbo hizi nilizitunga peke yangu, kwa taabu kubwa." Watu wakampigia makofi. Mama naye akapiga.

Hakumgombeza. Chakula kilipikwa, mavazi yalishonwa. Ila tulipokusanyika kuandaa mchezo wa mwaka uliofuata, karatasi zake zilikuwa na vipimo tu vya mabega na viuno.

"Mke wangu, waigizaji wanasubiri nyimbo," mwongozaji akamwambia mbele yetu.

"Mtunzi ni wewe," akajibu, akakata uzi kwa meno.

Mwongozaji alijikaza, akatunga mwenyewe. Siku ya kwanza ya onyesho, watazamaji walianza kutoka kabla ya sehemu ya pili. Niliwaona kupitia upenyo wa pazia, safu baada ya safu. Waigizaji wakahamia vikundi vingine. Mama akamchukua binti yake, wakaenda kuishi kwa dada yake.

Mshindi wa mwaka uliopita ndiye humkabidhi tuzo mshindi mpya. Kwa hiyo siku ya hafla mwongozaji akaitwa tena jukwaani. Alishika kipaza sauti.

"Mwaka jana niliwadanganya," akasema. "Zile nyimbo hata mstari mmoja si wangu. Ni za mke wangu. Nilimwibia akiwa amekaa kando yangu."

Chama kikafuta jina lake kwenye tuzo, kikachora la mkewe. Mwongozaji aliipeleka tuzo mwenyewe kwa shemeji yake, akaniomba nimsindikize.

Mama Cherehani aliipokea kwa mikono miwili. Akalisoma jina lake, akalipitishia kidole.

"Asante kwa kusema ukweli," akamwambia. "Nilikusamehe zamani, baba. Lakini nyimbo nimezitafuta, na siku nyingine nimelia nikizitafuta. Hazipo."

Mwongozaji akaketi kizingitini, akafunika uso.

MAFUNZO

Enyi wenye nyumba, msile jasho la mtu kwa kuwa tu mnalala naye chini ya paa moja. Kumpenda mkeo hakukupi haki ya kulifuta jina lake. Kuomba radhi ni wajibu, lakini radhi haifufui kila ulichokiua.

Nasi tunaosikia tukainamisha vichwa, tusijidanganye kwamba hatumo. Mtoto wa darasa la saba alisema. Mimi, mtu mzima, nilifunga fundo. Ukiona mtu anaporwa kazi yake, sema siku ileile, mkoba ukiwa bado haujashikwa.