Askari wa Gauni la Kijani

Kila aliporudi kutoka shuleni, Chiriku alikuta mlango umerudishwa nusu na viatu vya kazi vya mama vimeachwa kizingitini. Mama alikuwa msafishaji wa hospitali, zamu ya usiku. Asubuhi alirudi miguu imevimba, akafua, akapika, akawatupia kuku jicho, na usingizi wake hasa ulianza mchana. Mtoto waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, saa hizo alijifunza kunyata.

Kazi yake mchana ilikuwa kulinda vifaranga waliozunguka uani na mama yao. Tumaini lote la nyumba ile lilikuwa kwao. "Wakikua wakataga, nitauza mayai hapa hapa nyumbani," mama alikuwa akisema huku akijikanda miguu. "Usiku na mimi nilale kama watu." Kwa hiyo kila kifaranga aliyepotea aliusogeza mbali usingizi huo, na Chiriku alilijua hilo.

Mwewe hakulijali. Alizunguka juu akijifanya hana haja, kisha akashuka ghafla. Kifaranga wa kwanza alimnyakua wakati Chiriku ameinamia daftari, wa pili wakati Chiriku yuko ndani anakunywa maji. Mara hii ya pili Chiriku alipiga kelele, akamlaani mwewe na ukoo wake wote, mpaka mama akatoka nje na macho mekundu.

"Ameondoka naye?"

"Ameondoka naye, mama."

Mama hakugomba. Alikaa kizingitini akajikanda miguu, na Chiriku alitamani heri angegomba.

Fundi cherehani, jirani yao, aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake barazani. "Mwanangu, dua la kuku halimpati mwewe. Tafuta njia nyingine."

Kesho yake Chiriku aliitafuta. Alifunga miti miwili, akaivisha gauni kuukuu la kazi la mama, la kijani, akaweka ndoo mbovu kuwa kichwa. Sanamu ikasimama katikati ya uwanja. Mwewe alizunguka, akaona mtu, akaenda zake. Ikawa hivyo siku kadhaa. Chiriku naye alikuwa amechoka: maji ya kuchota, vyombo, hesabu za shule. Kwa kuwa sasa alikuwa na askari, alijinyoosha mkekani akauchapa usingizi.

"Askari wako hasogei," fundi alimwambia jioni moja. "Hata mimi nimeshamzoea."

"Askari mzuri haachi lindo, baba," Chiriku alijibu, akaingia ndani.

Mchana mmoja makelele ya mama kuku yalimwamsha. Alipofika mlangoni alimkuta mama amesimama pale, anatazama. Mwewe alikuwa ametua juu ya ndoo, kichwani kwa askari, anachagua. Chiriku hakuwahi hata kufungua mdomo. Mwewe alishuka, akamnyakua kifaranga mweupe, akapaa naye.

Mama alilitazama gauni lake. Kisha akacheka, kicheko cha mtu asiyebakiwa na nguvu za kulia.

"Njoo ukae," alisema. "Gauni lile nimelivaa miaka. Kama ningelivaa nikasimama wodini bila kushika fagio, sakafu ingetakata?"

"Hapana, mama."

"Siku ya kwanza msimamizi angedhani nafanya kazi. Baadaye angegundua. Na mwewe kagundua."

Chiriku aliinama. "Nilichoka, mama."

"Najua. Hata mimi nachoka. Ukichoka niambie tusaidiane. Usiiachie nguo kazi ya mtu."

Siku hiyo mama hakurudi kulala. Walirundika matawi ya miba pembeni mwa ua, chini wakaacha upenyo wa kifaranga kupita. Walivuta kamba kutoka ukutani hadi jikoni, wakafunga vipande vya kitambaa cha kumetameta alivyowapa fundi. Tangu hapo Chiriku alimhamisha askari kila siku: leo mlangoni, kesho karibu na kamba, mara amevaa kofia ya fundi. Usingizi ulipomzidi, aliwafunika vifaranga kwa tenga kwanza, ndipo akalala.

Mwewe alirudi. Mama kuku alitoa sauti ya hatari, vifaranga wakakimbilia chini ya miba, na Chiriku akainuka akipunga fagio bila kupiga kelele. Mwewe alizunguka tena, akaondoka mikono mitupu. Chiriku alichungulia ndani. Mama alikuwa amelala usingizi wa pono.

Vifaranga waliobaki walikua, wakataga, na mayai yakauzika. Siku mama alipoacha kazi ya hospitali, alirudi na gauni lake la mwisho la kazi limekunjwa kwapani, akamkabidhi Chiriku.

"Mvishe askari wako, lile limechakaa," alisema, akivua viatu. "Ila kumbuka, mwanangu, yeye hana miguu. Miguu ni yako."