Mtu wa Kipimo

Korido ya nyumba ya Kavuo, kule Butembo, ilikuwa ya hatua nane. Aliijua kwa miguu, maana kwa miaka thelathini alikuwa akimpelekea mume wake chai kutoka jikoni hadi chumba cha picha. Jumanne moja, saa kumi za mchana, mvua ikinyesha, alihesabu hatua kumi na moja.

Alidhani ni uzee. Kambere, mume wake, mpiga picha, alikuwa na miezi minane kaburini, na binti yao Keren aliishi Beni na watoto wake. Siku nzima iliweza kupita Kavuo asitoe neno mdomoni. Mtu anayeishi hivyo, hesabu zake huyumba.

Wiki hiyohiyo alikuwa amefungua kabati la Kambere na kukuta sanduku la mbao lenye picha ishirini na nne za vioo, za wakati wa Wabelgiji, zilizopakwa rangi kwa mkono. Zilitengenezwa kuwavuta Wazungu waje kutalii kwa gari moshi la milimani. Kavuo aliziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha: daraja juu ya bonde, maporomoko ya maji, reli ikiingia ndani ya mlima. Na katika kila kioo, kando ya reli, alisimama mtu mweusi yuleyule, mdogo sana, shati jeupe, mikono imenyooka.

Alielewa mara moja. Kambere naye alikuwa akimsimamisha yeye kando ya ukuta wa mteja, ili atakayetazama picha ajue ukuta una urefu gani. Huyu alikuwa mtu wa kipimo. Wenye picha walimpeleka mlima hadi mlima, na hakuna kioo hata kimoja kilichomwonyesha ameketi.

Alhamisi jikoni kulinuka makaa ya mawe na chuma kilicholowa, ingawa kwenye mbabula, jiko lake la mkaa, mlikuwa na mkaa wa kawaida tu. Kisha akasikia pumzi nzito za mashine, taratibu, kama kitu kinachopanda mlima, katika mji ambao haujawahi kuwa na reli, na alipoinua macho ili ajue zinatoka wapi aliona korido imerefuka kupita mlango wa chumba cha picha, kupita mahali ambapo ukuta wa nyumba ulipaswa kuishia, na kule mwisho, katika mwanga wa kijivu wa mvua, mtu mwenye shati jeupe amesimama, mikono imenyooka, akimtazama.

Hakusogea. Kila siku saa kumi alisimama palepale, na nyumba ikazidi kukua. Kufikia Jumapili kitanda kilikuwa mbali na mlango, na kikohozi cha Kavuo kilimrudia kutoka pembeni kama cha mtu mwingine. Alimpigia Keren simu kwa kunong'ona. Keren akamwambia apande basi aende Beni kesho yake, na huko akampeleka kwa Mwalimu Musafiri, mzee ambaye Waislamu na Wakatoliki wote walimwendea kimyakimya kwa mambo ya majini.

Mwalimu aliuliza machache. Mwishowe akasema, "Huyu hapana jini ya kutumwa, Mama. Balimusimamisha, kisha ba mwenye picha bakaenda. Hakuna mutu alimuambia kazi imeisha. Umuambie weye." Akainua kidole kumwonya. "Mais usimuhurumie. Usimupe kiti. Ile fasi yake haiwezi kubakia wazi."

Keren alitaka kurudi naye. Kavuo alikataa, watoto wangebaki na nani?

Kesho yake, saa kumi, alisimama jikoni kwake Butembo na kusema kwa sauti ndogo, "Papa, kazi imeisha. Urudie kwenu."

Mtu hakuondoka. Alikuja. Kavuo hakumwona akitembea. Alimwona tu yuko karibu, na kwa mara ya kwanza aliiona miguu yake, imevimba, imepasuka visigino, na magoti yakitetemeka kama ya mtu aliyekatazwa kuketi tangu asubuhi. Tangu Kambere azikwe hakuna aliyeingia katika nyumba ile akiwa na haja naye. Kavuo alivuta kiti cha marehemu.

"Ikala basi, papa. Kidogo tu."

Akaketi. Akashusha pumzi ndefu. Harufu ikaisha, korido ikarudi hatua zake nane, na Kavuo, kwa furaha aliyokuwa ameisahau, akaenda kuchemsha chai ya watu wawili.

Jumamosi Keren alifika kutoka Beni, maana simu ilikuwa haipokelewi tangu Jumanne. Mlango ulikuwa wazi. Vikombe viwili vilikuwa mezani, chai imeshika utando. Kiti kilikuwa kitupu na kimelowa. Alimkuta mama yake uani, kando ya ukuta wa nyuma, amesimama, mikono imenyooka, kitenge kimejaa umande.

"Mama, kuya uikale," Keren alimwita aje aketi.

Kavuo hakugeuza uso. "Siwezi," alisema taratibu. "Habayaniambia bado kama kazi imeisha."

Keren alianza kumwendea, kisha akakimbia, na ua uliokuwa mdogo wa kuanikia nguo ukazidi kufunguka mbele yake, nyasi baada ya nyasi, na mama yake akazidi kuwa mdogo kando ya ukuta ule mkubwa. Akayakumbuka maneno ya Mwalimu, akapaza sauti kwamba kazi imeisha, mama, imeisha, akayarudia mpaka koo likakauka. Lakini kwa umbali ule sauti haikufika.