Kisa cha Bwana K

Stima ilipotea wakati karatasi za Nakal zimekwama ndani ya mashine, pale saiba, duka la kompyuta, ya Lodwar, na foleni nzima ikamtazama utadhani yeye ndiye aliyeikata. Kijana aliyekuwa nyuma yake, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, akaokota ukurasa uliodondoka na kuusoma bila haya.

"'Mbinu za kusikiliza.' Ehe! Kumbe hata kusikiliza kunasomewa?"

"Shahada ya pili nzima, kaka. Ushauri nasaha."

"Basi nisikilize. Naitwa Boris, naishi kambini Kakuma, na bado sijaoa."

Nakal akacheka mpaka shanga za shingoni zikalia.

Wakapendana, wakapendana kweli. Boris alipiga simu kila jioni.

"Malkia wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi. Na wewe, mpenzi?"

Wakakubaliana kwamba Disemba Boris atakwenda kwa baba yake Nakal kujitambulisha. Siku moja Boris akamweleza neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu: walipokimbia Burundi alimwachilia mdogo wake mkono njiani, akakimbia. Mama yao aliambiwa mtoto alikufa kwa homa. Tasbihi ya mtoto huyo ndiyo aliyoivaa Boris mkononi.

Nakal alilia naye. Halafu, jamani, tamaa ya masomo! Mwalimu alitaka kisa cha kuwasilisha darasani, naye hakuwa na mteja wa kufaa. Akamwita Boris "Bwana K", akabadilisha umri na nchi. Tasbihi akaiacha, maana ilikipendezesha kisa. Alipata A.

Darasani alikuwamo Lueth, jirani wa mama yake Boris. Aliitambua tasbihi, na kwa wema tu akaenda kumpa mama pole kwa mtoto aliyeachwa njiani.

Siku tatu Boris hakupokea simu. Ya nne akapokea.

"Mpenzi, nisamehe. Jina lako sikulitaja."

"Mama hali chakula changu, Nakal. Nikimwekea sahani, anaisukuma."

"Nakuja leo hii. Nitazungumza naye, ndiyo kazi niliyo..."

"Usije." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Nakal. "Washauri wako wengi hapa kambini. Ningetaka mshauri, ningemwendea. Siku ile niliongea na mchumba wangu."

"Boris, nakupenda!"

"Najua. Mwambie baba yako asinisubiri Disemba."