Dada, Ningoje

Shoga yangu, fundi cherehani, hakimbii tena. Siku moja alikimbia mazoezi na mdogo wake huku muziki umemziba masikio. Mdogo mtu akaanguka nyuma, kifua kimembana, akaita weee, asisikiwe. Tukamzika.

Baadaye shoga akanunua hedifoni za kukaa kwenye mfupa wa shavu, zinazoacha masikio wazi. Muuzaji akamtania: "Mama, hizi ukiziba masikio ndiyo kwanza sauti inazidi."

Alfajiri moja, giza totoro, akikimbia nazo, akasikia nyuma yake: "Dada, ningoje." Akageuka, barabara tupu, hata paka hakuna. Akazima muziki. "Dada, ningoje." Akazivua hedifoni, akazitupa mtaroni, akatia vidole masikioni.

"Shoga," aliniambia, macho kwenye sindano, "nilivyozidi kuziba, ndivyo alivyozidi kusikika."